Nadharia za mashabiki kuhusu Sherlock Holmes: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Arthur Conan Doyle aliandika hadithi 60 tu za Sherlock Holmes: riwaya 4 na hadithi fupi 56. Ya kwanza ilitoka mwaka 1887, ya mwisho 1927. Katika miaka hiyo 40 Doyle aliandika mbio, na mara nyingi hakurudi kuangalia alichokwisha kusema. Wasomaji wake walirudi. Anayemaliza hadithi zote hana pa kwenda ila mwanzo, na safari ya pili ndipo anapokuta jeraha limehama, jina limebadilika na nyoka anakunywa maziwa. Hapo ndipo nadharia zinapozaliwa. Yafuatayo ni maswali ninayoulizwa zaidi na wasomaji wenzangu. Majibu yanafichua miisho ya hadithi kadhaa, basi ambaye hajasoma achague mwenyewe pa kuruka.

Mchezo huu ulianza vipi?

Mwaka 1911, kijana msomi wa Oxford aitwaye Ronald Knox alisoma mbele ya wenzake makala iliyozichambua hadithi za Holmes kwa mbinu zile zile ambazo wanazuoni wa wakati wake walizitumia kuchambua Biblia: nani aliandika sehemu gani, lini, na kwa nini habari mbili zinapingana. Doyle alipoisoma alimwandikia Knox barua, akistaajabu kwamba mtu amejisumbua kiasi hicho, na akakiri kuwa Knox anazijua hadithi kuliko yeye aliyezitunga.

Tangu hapo kuna kanuni moja. Tunachukulia kwamba Holmes na Daktari Watson waliishi kweli, na kwamba Watson ndiye aliyeandika. Kwa hiyo hairuhusiwi kusema "mwandishi alisahau" ukaondoka zako. Lazima utafute sababu ndani ya maisha ya watu wenyewe. Dorothy Sayers, naye mtunzi mkubwa wa hadithi za upelelezi, alisema mchezo huu uchezwe kwa uzito ule ule wa mechi ya kriketi kwenye uwanja wa Lord's. Mwaka 1934 Christopher Morley alianzisha jijini New York chama cha Baker Street Irregulars, ambacho kipo hadi leo.

Kwa nini aitwe mpelelezi asiye wa kazi rasmi wakati analipwa?

Kwa sababu si polisi na hana cheo chochote cha serikali. Fedha anapokea: mfalme wa Bohemia alimwekea mezani pauni 300 za dhahabu na 700 za noti. Lakini mara nyingine hadai kitu, na kwa Helen Stoner, mmoja wa waliokuja kuomba msaada, alisema kazi yenyewe ndiyo malipo yake.

Watson alipigwa risasi wapi hasa, begani au mguuni?

Kote kuwili, ukifuata maandishi. Katika riwaya ya kwanza, *A Study in Scarlet*, Watson anasimulia jinsi risasi ya gobore la Waafghani ilivyomvunja mfupa wa bega kwenye vita vya Maiwand, Julai 1880. Katika *The Sign of Four* amekaa kwenye kiti akiuguza mguu, na risasi ni ya gobore lile lile. Baadaye, katika "The Noble Bachelor", anasema tu iko kwenye kiungo kimojawapo, kama mtu aliyechoka kuulizwa.

Wapo wanaosema zilikuwa risasi mbili na Watson aliona haya kuitaja ya pili. Wapo wanaosema ilikuwa moja: alikuwa amechutama akimfunga majeruhi, ikapita begani ikaishia mguuni. Mimi naipenda hii ya kuchutama. Watson alikuwa daktari wa jeshi, na daktari aliye kazini hasimami wima. Nadharia inatatua fumbo na papo hapo inakuonyesha mtu mwenyewe akiwa vumbini, mikono imejaa damu ya mwingine.

Kwa nini mke wa Watson anamwita James ilhali jina lake ni John?

Katika "The Man with the Twisted Lip", ya mwaka 1891, mke wake anamwuliza mgeni kama angependa "James" apelekwe kulala. Jina la Watson limeandikwa waziwazi kwingineko: John H. Watson. Hiyo H haielezwi popote.

Sayers ndiye aliyeufungua mlango huu, na kwangu mimi ni nadharia bora kuliko zote zilizowahi kutolewa. Alisema H ni Hamish. Hamish ni jina la Kiskoti, nalo linatokana na James kama linavyotamkwa mtu anapoitwa kwa Kigaeli. Basi mke hakupenda jina la John, akachukua lile la katikati akaligeuza kuwa la mapenzi, la nyumbani, la watu wawili tu. Herufi moja iliyokuwa imekaa bila kazi imepata kazi, na kosa la mwandishi limegeuka kuwa siri ya mke na mume.

Watson alioa mara ngapi?

Mara mbili kwa uchache. Mary Morstan wa *The Sign of Four* tunamjua, na Holmes, aliyedhaniwa amekufa, aliporudi mwaka 1894 Watson alikuwa ameshafiwa na mke. Kisha Holmes anasema kwamba Januari 1903 Watson alimwacha akaenda kwa mke. Huyo ni wa pili.

Wa tatu anatokana na "The Five Orange Pips". Hadithi hiyo ni ya Septemba 1887, na Watson anasema mkewe amekwenda kumtembelea mama yake. Lakini Mary alikuwa yatima wa mama, na Watson hata hakuwa amekutana naye bado kwa hesabu za wengi. Matoleo ya baadaye yalibadilisha "mama" yakaweka "shangazi", dalili kwamba kuna aliyeliona tatizo. Wanaohesabu wake watatu hoja yao ina mashiko. Wanaofika watano na sita wamepita mpaka.

Nyoka wa "The Speckled Band" ni nyoka gani?

Hapa tukae kidogo. Doyle mwenyewe, alipoombwa mwaka 1927 kuzipanga hadithi zake kwa ubora, aliiweka hii ya kwanza.

Kumbuka chumba kilivyo. Kitanda kimepigiliwa sakafuni, hakisogei. Kamba ya kengele inaning'inia hadi kwenye mto, ukiivuta hailii, kwa kuwa haikufungwa popote. Juu yake kuna tundu la hewa, na tundu lenyewe halitoki nje, linaingia chumba cha pili, cha Daktari Roylott, baba wa kambo. Kwake kuna kasiki la chuma, na juu ya kasiki kisahani cha maziwa, nyumba haina paka. Kuna pia mjeledi ambao ncha yake imefungwa kitanzi. Holmes na Watson wanakaa gizani, hawathubutu hata kuvuta pumzi kwa nguvu. Baada ya saa tisa usiku inasikika sauti laini kama mvuke unaotoka kwenye birika. Holmes anawasha kiberiti, anaipiga kamba kwa bakora kama mwendawazimu. Kisha kilio kutoka chumba cha pili: nyoka amerudi akamuuma Roylott mwenyewe.

Nimeisoma mara nyingi na bado nywele zinanisimama. Lakini anayetoka nchi yenye nyoka hawezi kuimaliza bila kuuliza maswali. Holmes anasema ni kifutu wa kinamasini, nyoka mkali kuliko wote wa India. Hakuna nyoka wa India mwenye jina hilo. Anaelezwa kuwa na kichwa kifupi chenye umbo la almasi, kama kifutu, na shingo iliyovimba, kama fira: nyoka wawili katika mmoja. Amefundishwa kwa maziwa, ambayo si chakula cha nyoka. Anaitwa kwa mluzi, naye hana hata tundu la sikio. Anapanda na kushuka kamba kama baharia. Na akiuma mtu anakufa kwa sekunde 10, jambo ambalo hakuna sumu ya nyoka inayoliweza.

Laurence Klauber, bingwa wa nyoka wa Marekani, alijibu kwa nadharia ya kwamba Roylott alizalisha mnyama wa aina yake, chotara wa fira na mjusi mwenye sumu. Kutoka kwa mjusi alipata masikio ya kusikia mluzi na miguu ya kupandia kamba. Ni mfano mzuri wa mtaalamu kutumia elimu yake yote kwa ajili ya hadithi aipendayo.

Nadharia nyingine inamshuku Helen Stoner, binti wa kambo aliyekuja kuomba msaada. Watson anasema mwanzoni kwamba anaisimulia sasa kwa kuwa yule mama aliyemwahidi usiri ameshafariki. Kwa nini alitaka usiri? Na kifo cha Roylott kilimwachia mali. Inavutia, ila inaanguka mbele ya kasiki. Mjeledi wa kitanzi ulikuwa mapajani pa Roylott mwenyewe alipokutwa, na Helen hakuuweka hapo.

Langu ni dogo. Roylott aliacha wanyama wawili wazurure bustanini, duma na nyani mkubwa, wote wakisemwa wameletwa kutoka India. Duma sawa, siku hizo India walikuwapo. Lakini mnyama anayetajwa pale ni nyani wa jamii ile tuijuayo sisi, wa mashambani na maporini kwetu, na makao yake ni Afrika na kipande cha Uarabuni. India hayupo. Basi wakala aliyemuuzia Roylott wanyama alikuwa na bidhaa za pande zote mbili za bahari, na hatulazimiki kumtafuta nyoka India peke yake. Maziwa na mluzi sijapata pa kuviweka.

Je, Moriarty alikuwepo kweli?

Swali hili ndilo linalogawa watu. Profesa Moriarty anatangazwa kuwa kichwa cha uhalifu wote wa London, lakini Watson hamwoni kwa karibu hata mara moja. Katika "The Final Problem" (1893) anaona mtu mrefu akipenya katikati ya watu kituoni, na Holmes ndiye anayesema "ni yeye". Baadaye, akishuka kutoka maporomoko ya Reichenbach, Uswisi, anaona kwa mbali umbo jeusi likipanda njia kwa haraka. Basi. Mengine yote ni maneno ya Holmes.

Ndiyo maana wengine wanasema Holmes alimbuni. Mwaka 1974 Nicholas Meyer aliandika riwaya nzima kwenye msingi huo: Moriarty ni mwalimu wa hesabu asiye na hatia, na hofu ya Holmes inatokana na kokeini. Wengine wanakwenda mbali zaidi wakidai Holmes na Moriarty ni mtu mmoja.

Hili la mtu mmoja halisimami. Katika *The Valley of Fear* Inspekta MacDonald anaeleza kwamba alikwenda mwenyewe kumwona profesa, wakazungumza juu ya kupatwa kwa jua, naye profesa akamwonyesha kwa taa na tufe namna kunavyotokea. Alipoaga, profesa alimwekea mkono begani kama mzazi anayembariki mwana. Huyo ni polisi, tena Mskoti asiyependa kubuni, na Holmes hakuwepo. Kwa hiyo mtu yupo. La hatia yake ndilo linaloweza kubishaniwa, na hapo nadharia ya Meyer ina pumzi.

Riwaya hiyo hiyo inaleta fumbo jingine. Inatokea kabla ya Reichenbach, na humo Watson tayari anamjua Moriarty kwa jina na sifa. Lakini katika "The Final Problem" Holmes anamwuliza kama amewahi kumsikia, naye anajibu hapana. Maelezo ninayoyakubali ni kwamba Watson alikana ili msomaji atambulishwe. Alikuwa akiandika kwa ajili ya watu ambao hawakuwahi kulisikia jina hilo.

Halafu majina. Kuna ndugu yake Kanali James Moriarty, na profesa mwenyewe kwingine anaitwa James. Ndugu wawili, jina moja.

Holmes alikuwa wapi kati ya 1891 na 1894?

Huko Reichenbach Watson alidhani Holmes ameanguka na kufa pamoja na Moriarty, kumbe alinusurika. Kwa maneno yake: miaka miwili Tibet, akijiita Sigerson wa Norwei, kisha Uajemi, Makka, kwa Khalifa wa Khartoum, na mwisho maabara kusini mwa Ufaransa. Wachambuzi wengi hawaamini hata kituo kimoja.

Makka inatugusa wengi huku kwetu. Asiye Mwislamu haingii, na Holmes anaitaja kwa maneno mawili matatu kana kwamba alipita sokoni. Wapo wanaosema alisilimu. Wapo wanaosema alijigeuza sura, maana hiyo ndiyo kazi yake. Alikuwapo aliyemtangulia: Richard Burton aliingia Makka mwaka 1853 akijifanya hujaji, huyo huyo aliyekuja baadaye Unguja akavuka bara hadi Ziwa Tanganyika. Burton aliichukua safari hiyo kwa maandalizi marefu ya lugha na ibada, na Holmes hatujaonyeshwa popote akijua Kiarabu.

Khartoum ni ngumu zaidi. Khalifa Abdullahi alitawala kutoka Omdurman, ng'ambo ya mto, na Khartoum ilikuwa magofu tangu 1885. Wazungu waliokuwa kwake walikuwa mateka. Slatin, aliyekuwa gavana wa Darfur, hakufanikiwa kutoroka hadi 1895. Mtu aliyefika kweli asingekosea jina la mji. Kwa hiyo nakubaliana na wanaosema Holmes alimpa Watson hadithi ya kufunika jambo, pengine kazi ya serikali aliyopewa na kaka yake Mycroft, ambaye peke yake alijua kwamba yu hai na ndiye aliyemtumia fedha.

Aliyerudi ni Holmes yule yule?

Doyle alisimulia kwamba mwendesha mashua mmoja wa Cornwall alimwambia kuwa Holmes huenda hakufa pale genge lilipo, lakini baada ya hapo hakuwa tena mtu yule. Alikuwa anasema hadithi zimepungua ladha. Mashabiki wakaichukua neno kwa neno: aliyerudi ni mwingine.

Ushahidi wao ni huu. Anasema alimshinda Moriarty kwa "baritsu", mieleka ya Kijapani, na mchezo pekee wenye jina linalokaribia hilo ulianzishwa London na Barton-Wright mwishoni mwa miaka ya 1890. Pia "Wisteria Lodge" inasema Holmes alikuwa kazini Machi 1892, wakati dunia nzima ilidhani amekufa.

Mimi siamini, kwa sababu ya Watson. Kwenye jabali la Reichenbach aliikuta bakora ya Holmes imeegemezwa, na kijisanduku cha sigara juu ya jiwe, chini yake karatasi chache zilizochanwa kwenye daftari. Aliutambua mwandiko: ulikuwa umenyooka na thabiti, kama mtu aliyeandika akiwa mezani kwake. Mtu aliyeujua mwandiko wa rafiki yake kiasi hicho asingeishi na mgeni chumba kimoja miaka mingine kadhaa bila kumjua.

Ni kweli kuna waliosema Watson ni mwanamke?

Kweli. Rex Stout, mtunzi wa Marekani wa hadithi za upelelezi, alilihutubia jambo hilo kwenye karamu ya Baker Street Irregulars mwaka 1941. Alipanga majina ya hadithi kadhaa ili herufi zao za kwanza zisomeke "Irene Watson". Ilikuwa hotuba ya kuchokoza. Akina mama walikuwa hawaruhusiwi kwenye karamu ile, na hawakuruhusiwa uanachama hadi miaka ya 1990.

Na Irene Adler, alizaa na Holmes?

Maandishi hayana hata sentensi moja ya kulishikilia hilo. Mwaka 1956 John D. Clark alipendekeza kuwa Nero Wolfe, mpelelezi wa Stout, ni mtoto wao. Watu wanaipenda. Mimi naona inampunguza Irene, mwanamke aliyemshinda Holmes kwa akili na kuondoka na mumewe aliyemchagua.

Kofia ya masikio na "Elementary, my dear Watson" viko hadithi gani?

Sentensi hiyo haimo katika hadithi yoyote kati ya zile 60. Kofia ni kazi ya mchoraji Sidney Paget. Kiko kilichopinda kililetwa na mwigizaji William Gillette jukwaani. Nadharia ikisimama juu ya vitu hivi, inasimama juu ya picha na maigizo.

Bwana Msa ni Sherlock Holmes wa Unguja?

Muhammed Said Abdulla alimpa Msa kiko, akili ya kuchambua na rafiki wa kumsikiliza, Najum, na hakuna anayebisha ujamaa wao na wale wa Baker Street. *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyoshinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapishwa 1960, ukiisoma sambamba na *The Hound of the Baskervilles* utaona kazi ile ile: watu wanaogopa mzimu, mpelelezi anatafuta mkono wa binadamu.

Lakini Holmes akimaliza kesi anapanda treni, hao watu hatawaona tena. Msa anabaki. Atakutana nao mtaani, atakaa nao barazani. Hilo linambadilisha mpelelezi, na ningetamani sana vijana wetu wamtungie Msa nadharia kwa bidii ile ile.

Nina nadharia yangu. Nitaipimaje?

Anza na sentensi iliyoandikwa, si na unachotamani. Kisha itafute inayokupinga, uisome kwa sauti.

Ukitaka pa kujaribia, kuna mbwa. Watson na Holmes wanapokutana kwa mara ya kwanza na kuambiana kasoro zao kabla ya kupanga pamoja, Watson anasema ana mtoto wa mbwa. Wanahamia Baker Street siku chache baadaye, na mbwa huyo hatajwi tena. Kuna wanaosema alikufa, wanaosema aliuzwa, na wanaosema neno lile lilimaanisha hasira za Watson au bastola yake. Sijaridhika na hata moja. Fungua sura ya kwanza ya *A Study in Scarlet*, isome polepole, uniambie mbwa alikwenda wapi.